Kuhesabu watafiti wa nchi: pima muda, usiishie kwenye vichwa

Mwombe afisa utumishi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, orodha ya watafiti, naye atakupa orodha ya wahadhiri wote. Ukiijumlisha ilivyo, umeipa nchi watafiti isiokuwa nao: mhadhiri anafundisha, anasahihisha mitihani, anakaa vikao, na utafiti anaufanya katika muda unaobaki. Kazi yako ni kuupata muda huo.

Kanuni zinazofuatwa na nchi nyingi zimo katika Mwongozo wa Frascati wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, uliotoka mara ya kwanza 1963. Toleo la karibuni ni la 2015.

Anza na orodha ya taasisi. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, pale Kijitonyama, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, kwa hiyo kumbukumbu zake zitakuonyesha nani anatafiti nini. Zigawe taasisi katika sekta nne: serikali, elimu ya juu, biashara, na asasi binafsi zisizo za faida. Angalia Upanga: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko serikalini, lakini MUHAS, chuo kikuu cha afya kilicho jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ni elimu ya juu ingawa nacho ni cha umma. Viwanda vya Barabara ya Nyerere usiviruke kwa sababu tu havina idara yenye jina la utafiti. Uliza nani anabuni bidhaa mpya.

Kisha chuja shughuli. Utafiti lazima ulete jambo jipya, uwe na ubunifu, matokeo yake yasijulikane mapema, uwe na mpango na bajeti, na matokeo yaweze kurudiwa au kuhamishiwa kwingine. Masharti yote matano, si matatu. Kupima malaria kwa wagonjwa wa kila siku hakumo. Kujaribu kipimo kipya cha malaria kumo.

Watu wanapangwa kwa kazi wanayofanya, wala si kwa cheti: watafiti, mafundi sanifu, na wasaidizi wengine. Mkuu wa mradi anayepanga upande wa kisayansi ni mtafiti. Katibu muhtasi wa mradi ni msaidizi. Mlinzi na mpishi wa kantini hawamo kabisa. Gharama zao huingia kwenye matumizi ya jumla. Mwanafunzi wa uzamivu anayefanya utafiti anahesabiwa mtafiti, na hapa ndipo vyuo vingi husahau, maana jina lake liko kwa msajili, haliko kwa afisa utumishi.

Sasa muda. Kipimo ni mwaka-kazi: mtu mmoja, muda kamili, mwaka mzima. Zidisha sehemu ya mwaka aliyofanya kazi, kwa sehemu ya ajira yake, kwa sehemu ya muda iliyokwenda kwenye utafiti. Mhadhiri wa ajira kamili anayetumia asilimia 30 kwa utafiti ni 0.3. Fundi sanifu aliyeanza Julai, nusu ya muda wake maabara ya utafiti, ni 0.5 × 1 × 0.5 = 0.25. Hakuna anayezidi 1, hata akilala maabara.

Asilimia hizo usimuulize mkuu wa idara. Atakisia, na atakisia juu. Waulize wahadhiri wenyewe kwa dodoso fupi, wiki kadhaa tofauti za mwaka, kwa sababu wiki ya mitihani haifanani na ya likizo. Na waulize saa, si asilimia: watu hukumbuka saa.

Dosari inayouma zaidi Dar ni mtu mmoja kuwa na ajira mbili, chuoni Upanga na kwenye mradi wa taasisi ya afya Mikocheni. Katika mwaka-kazi hahesabiwi mara mbili iwapo kila upande unataja sehemu yake tu. Katika idadi ya vichwa atatokea mara mbili, hivyo linganisha orodha kwa namba maalumu ya siri, kisha mbakishe penye sehemu kubwa ya muda wake. Vichwa bado vinahitajika, hasa kuonyesha wanawake na wanaume.

Taasisi zenye vituo mikoani, kama NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, yenye vituo Mwanza na Mbeya, zijaze kila kituo peke yake, la sivyo watafiti wote wataonekana wako makao makuu.

Mwisho gawanya jumla ya miaka-kazi ya watafiti kwa idadi ya watu. Kwa Sensa ya 2022 tulikuwa 61,741,120. Miaka-kazi 3,000 ya mfano ingetoa takribani watafiti 49 kwa kila milioni. Mafundi sanifu wasiingie humo: kiashiria 9.5.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinataka watafiti peke yao.