Kutunga na kuimba roki kwa Kiswahili: mwongozo kwa waimbaji wa bendi Tanga

Roki ya Kiswahili huharibikia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo ndipo lugha yetu inapoweka mkazo: ba-HA-ri, ba-nda-RI-ni, u-me-ni-A-cha. Aliyekua akisikiliza bendi za Uingereza na Marekani ameshazoea kusikia silabi ya mwisho ya mstari ikivutwa, kwa kuwa Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. Akitunga kwa mazoea hayo ataimba "gizaniii", na msikilizaji wa Ngamiani atasikia mgeni anayejifunza lugha. Gitaa linaweza kuwa zuri, drams zikawa zimenyooka, na wimbo bado usishike.

Tanga ina walimu wa kutosha wa jambo hili. Hapa ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hapa zilipiga Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na hapa Black Star na Lucky Star waliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu. Tafuta rekodi za Shakila aliyeimbia Black Star, usikilize jambo moja tu: anavuta wapi, anakata wapi. Huhitaji kupiga muziki wao ili ujifunze kwao.

Maneno juu ya mapigo

Roki nyingi huenda kwa kipimo cha mapigo manne. Kila pigo ligawe mara mbili, upate nafasi nane. Kipande, yaani nusu ya mshororo, cha shairi la tarbia (lenye mishororo minne kila ubeti) nacho kina mizani, yaani silabi, nane. Kwa hiyo kipande kimoja kinaingia kwenye kipimo kimoja bila kusukumwa, na hii ndiyo nyenzo kubwa aliyonayo mtunzi wa roki kwa Kiswahili.

Chukua mstari "Taa zimebaki pwani". Hesabu: ta-a-zi-me-ba-ki-pwa-ni, mizani nane. Piga meza mapigo manne, useme TA kwenye pigo la kwanza, "zi" kwenye la pili, BA kwenye la tatu, PWA kwenye la nne. Silabi zote zenye mkazo zimekaa juu ya mapigo. Mstari wa namna hii unaimbika hata drams zikiwa kali.

Sasa jaribu "Umeniacha gizani". Mizani ni nane vilevile, lakini ukianza kwenye pigo la kwanza, A ya "umeniacha" inaangukia katikati ya mapigo na "cha" inabebwa na pigo la tatu. Sikio linasikia "umeniaCHA". Watunzi wengi hapa hubadilisha maneno, wakapoteza mstari mzuri. Hakuna haja. Tanguliza "u" nusu pigo kabla ya kipimo kuanza. "Me" itakaa kwenye pigo la kwanza na A kwenye la pili. Nyamaza kwenye pigo la tatu, ingiza "gi" nyuma yake, na ZA itue kwenye la nne. Kimya kile cha pigo la tatu kinakupa na pumzi. Andika namba 1 hadi 4 juu ya silabi kwenye daftari kabla ya kuupeleka mstari kwa wenzako. Mpiga drams akiona namba anajua pa kukuachia nafasi.

Usisahau m na n zinazosimama peke yake. "Mtu" ni mizani mbili na mkazo uko kwenye m, sauti isiyovutika. "Mbuzi" pia ni mbili, lakini m yake imeshikana na b. Neno kama "mtu" au "nchi" liweke mahali pa kupita haraka, kamwe si kwenye noti ndefu ya kiitikio.

Noti ndefu ya juu inataka irabu pana: a, o, na e ikibidi. Sauti ya i na u hubana koo zikipanda, na Kiswahili kinapenda sana kuishia na i: sitaki, siendi, baharini, moyoni. Dawa yake ni kuvuta silabi ya mkazo na kuikata ya mwisho: "moyooo-ni", na "ni" iwe fupi kama kidole kilichogusa uzi na kuondoka. Tena hivyo ndivyo neno linavyotamkwa mitaani.

Kosa jingine ni kujaza. Mshororo kamili wa tarbia, mizani 16, unakula vipimo viwili vizima na hauachi nafasi ya gitaa kujibu. Kwenye ubeti imba kipande kimoja, kisha liachie gitaa la solo kipimo kinachofuata. Mshororo mzima uhifadhi kwa ajili ya daraja, yaani sehemu ya wimbo isiyo ubeti wala kiitikio, pale unapotaka maneno yasongamane kwa makusudi.

Kutafuta funguo yako

Bendi nyingi changa hupiga kila wimbo kwa funguo (noti ya msingi ya wimbo) ya E au A kwa sababu vidole vya mpiga gitaa vinapenda huko, na mwimbaji analipa kwa koo. Funguo huchaguliwa na mwimbaji. Pasha sauti kwanza, kisha piga uzi wa kwanza wa gitaa bila kuubana na uimbe noti hiyo kwa "a". Panda kibanio kimoja kimoja (nafasi kati ya vyuma vya gitaa). Pale shingo inapoanza kukaza au kidevu kuinuka, rudi vibanio viwili. Hiyo ndiyo dari yako ya kazi. Wanaume wengi wenye sauti ya kati dari yao iko karibu na uzi wa kwanza ukiwa wazi au chini yake kidogo. Wenye sauti nyembamba hupanda vibanio vitatu zaidi. Wanawake wengi hupita hapo bila shida, nao waangalie zaidi noti za chini za ubeti, ambazo humezwa na besi.

Noti ya juu kabisa ya kiitikio isivuke dari. Ikivuka, shusha wimbo toni moja, mathalani kutoka E kwenda D, au legezeni magitaa yote nusu toni pamoja na besi. Kapo, kifaa cha kubana nyuzi zote pamoja, haitasaidia hapa kwa sababu inapandisha tu. Pimeni dari mwisho wa mazoezi, saa mbili baada ya kuanza, kwa kuwa jukwaani kiitikio cha mwisho huimbwa na koo lililochoka.

Umbo na muda

Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kipimo kimoja ni sekunde mbili, hivyo urefu wa wimbo unajulikana kabla hamjaupiga. Utangulizi vipimo 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, daraja 8, solo 16, kiitikio mara mbili 16: jumla vipimo 92, yaani dakika 3 na sekunde 4. Wimbo wa kwanza wa bendi usizidi hapo. Solo ndiyo huvimba kwenye mazoezi. Wekeni idadi ya vipimo na mpiga drams awe ndiye mwenye kuifunga.

Fundishaneni wimbo mpya kwa sauti ndogo, gitaa kavu na mapaja badala ya drams. Maneno yasiyosikika vizuri hapo hayataokolewa na amplifaya.

Karatasi kabla ya studio

Hapa ndipo bendi huvunjika. Siku wimbo unapokamilika, na kabla ya kulipia studio, andikeni ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti ya kuimba, nani alileta kodi za gitaa (noti zinazopigwa pamoja) au rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia), na asilimia ya kila mmoja mpaka ifike 100. Wote watie saini, kila mtu abaki na nakala. Aliyepiga besi vizuri amefanya kazi ya mpigaji, nayo ina haki zake. Haimfanyi mtunzi mpaka mkubaliane hivyo.

Kuna njia nyingine. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, alikuwa mwimbaji na mmoja wa watunzi wanne wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Kwa miaka mingi karibu kila wimbo wao ulibeba jina la aliyeutunga, na kila mmoja akavutia wimbo wake. Kuanzia albamu ya mwaka 1989 nyimbo mpya ziliandikwa kwa jina la bendi nzima. Mgao sawa hupunguza ugomvi wa wimbo gani uingie kwenye albamu, lakini unafaa pale tu ambapo wote huja na mawazo. Kama mtunzi ni mmoja na wengine ni wapigaji, asilimia zilizoandikwa ni za haki zaidi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda wimbo tangu ulipotungwa, hata kabla ya kusajiliwa. Hata hivyo sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa sababu siku ya mgogoro ni rahisi kuonyesha cheti kuliko kumbukumbu. Wasanii na bendi husajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Jina la bendi nalo liandikiwe makubaliano: mwimbaji akiondoka, jina linabaki na nani?

Koo

Pasha sauti dakika 10 kabla ya kila mazoezi. Anza na "mmm" mdomo ukiwa umefungwa, kisha tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, halafu imba ng' ya "ng'ombe" ukipanda na kushuka polepole kama king'ora. Sauti hiyo ya ng' baadhi ya wanafunzi wa kuimba wa nchi nyingine huipata kwa shida mwanzoni mwa neno. Wewe unayo tangu utotoni.

Ukali wa roki unatoka kwenye pumzi ya tumboni na mdomo uliofunguka. Ukitoka kwenye kubana koo, utaisikia kesho yake: sauti ya asubuhi itakuwa nzito na noti laini za juu hazitoki. Hiyo ni ishara ya kupumzika siku nzima. Kunong'ona si kupumzika, kunaweza kulichosha koo zaidi. Usikohoe kusafisha koo, meza mate au maji. Usimeze aspirini ili uimbe, kwa sababu inaongeza hatari ya kuvuja damu kwenye nyuzi za sauti. Kula saa mbili au tatu kabla ya shoo. Pilau la dakika ya mwisho hupandisha asidi kooni. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Anayetaka mwalimu wa ana kwa ana, TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, inafundisha muziki.

Jukwaani

Spika kubwa zikae mbele ya maiki, zikiangalia watu. Monita, spika ya kujisikia mwenyewe, ikae chini mbele yako, ikitazama mgongo wa maiki, upande wa waya, kwa sababu maiki nyingi za kuimbia hazisikii vizuri kutoka nyuma. Maiki ikianza kulia, chunguza mkono wako kabla ya kumlaumu fundi mitambo. Kuikumbatia kichwa kwa kiganja, kama wanavyofanya kwenye video, kunaziba matundu ya nyuma, na hapo inaanza kusikia kila upande pamoja na monita. Shika mpini.

Ubeti wa chini uimbe vidole viwili kutoka mdomoni. Ukipaza, sogeza maiki mpaka upana wa kiganja na nusu. Herufi p na b hupiga mshindo. Geuza maiki kidogo pembeni ya mdomo. Kwenye ukaguzi wa sauti usiseme "moja, mbili". Imba kiitikio chako kikali kabisa drams zikipiga, maana hicho ndicho fundi anachopaswa kukipanga.

Shoo za hoteli na harusi mjini hapa zitataka nyimbo zinazojulikana. Seti ya dakika 45 inabeba nyimbo 10 au 11. Nyimbo zenu mpya ziwe tatu, kuanzia ya nne, watu wakishakaa vizuri na koo lako likiwa limefunguka. Mbili mfululizo, moja ya watu, kisha ya tatu. Msifungue na wimbo wenye noti ya dari.

Shoo ikiisha, hewa ya chumvi inaanza kazi yake. Futa nyuzi zote kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kabla gitaa halijaingia kwenye begi, la sivyo kutu itaonekana ndani ya siku chache. Fungua wavu wa maiki kwa kuuzungusha, utoe sponji, osha vyote kwa maji na sabuni kidogo, na uache vikauke usiku kucha kivulini. Ukirudisha sponji mbichi, unyevu unaingia kwenye kiini, na sauti ya maiki itaanza kufifia.