Namna ya kulisoma jengo la Giacomo Quarenghi kwa penseli, ukiwa Lubumbashi

Mwanafunzi wa usanifu wa majengo hapa Lubumbashi, au fundi mwashi anayetaka kujua jinsi nguzo zinavyopangwa, anaweza kumwelewa Giacomo Quarenghi bila kufika Saint Petersburg, mji wa Urusi. Quarenghi alikuwa Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1744 karibu na Bergamo, akasomea uchoraji kabla ya kugeukia majengo, na akafika Urusi mwaka 1780 kufanya kazi kwa Malkia Catherine wa Pili. Vifaa unavyovihitaji ni picha ya jengo iliyopigwa kutoka mbele, rula, penseli iliyochongwa vizuri na karatasi ya daftari la hesabu yenye miraba. Ninasisitiza kuchora kwa sababu alichowaachia Warusi kilikuwa hasa vipimo, na mkono hushika vipimo ambavyo jicho huvipita haraka.

Anza na jumba la Akademia ya Sayansi, lililojengwa kati ya mwaka 1783 na 1789 kwenye ukingo wa mto Neva mjini Saint Petersburg. Usianze na nguzo. Zifunike kwa kiganja, kisha utazame kuta zilizobaki kulia na kushoto: utaona madirisha yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka, ukuta uliopigwa lipu, na karibu hakuna kingine. Halafu weka kando yake picha ya Jumba la Majira ya Baridi, ambalo Bartolomeo Rastrelli, naye mwenye asili ya Italia, alilijenga katika mji huohuo kati ya mwaka 1754 na 1762. Humo nguzo zimesongamana, sanamu zimesimama hadi juu ya paa, na kila dirisha lina pambo lake. Majengo haya mawili yametengana kwa miaka ipatayo ishirini tu, na tofauti unayoiona ndiyo hasa kazi ya Quarenghi pamoja na wasanifu wenzake wa kizazi kile.

Sasa ondoa kiganja, uhesabu nguzo. Ni nane, na vichwa vyake vimejikunja pande mbili kama pembe za kondoo dume, alama ya mtindo uitwao Ioniki. Hapa ndipo inafaa kumjua mwalimu wa Quarenghi, ingawa hawakuishi zama moja: Andrea Palladio, msanifu wa Italia aliyechapisha vitabu vyake vinne vya usanifu mwaka 1570. Palladio alifundisha kwamba nguzo ya Ioniki iwe na urefu wa mara 9 ya kipenyo chake cha chini, na nafasi kati ya nguzo mbili iwe vipenyo 2 na robo. Chukua kipenyo cha sentimita 1 na uchore nguzo nane zenye urefu wa sentimita 9: nafasi saba zilizo kati yake zitachukua sentimita 15.75, na baraza lote litakuwa na upana wa sentimita 23.75, ambao unaingia vizuri kwenye karatasi ya kawaida iliyolazwa. Juu yake weka boriti, na juu ya boriti pembetatu iliyo bapa. Ukishamaliza, pima picha yenyewe na ulinganishe. Pale ambapo vipimo vinaachana na kanuni, andika pembeni kwa kiasi gani, kwa maana Quarenghi alimheshimu Palladio bila kumnakili kama kasuku.

Kwa ukumbi wa ndani, tafuta picha za Ukumbi wa Tamthilia wa Hermitage huko Saint Petersburg, uliojengwa kati ya mwaka 1783 na 1787. Viti vimepangwa kwa ngazi za nusu duara, kama katika ukumbi ambao Palladio aliubuni mjini Vicenza. Quarenghi alichapisha michoro ya ukumbi wake wa Hermitage mwaka 1787 kwa Kifaransa, na msomaji wa huku kwetu ataifuata bila shida.

Zoezi la kupima jengo halisi lifanye nje. Mji wetu una matofali ya kuchoma kila upande, nayo ni rula iliyo tayari: pima unene wa tofali moja pamoja na udongo wake, hesabu mistari kutoka chini hadi juu, kisha zidisha. Nguzo ya mviringo izungushie kamba, na urefu wa kamba uugawe kwa 3.14 ili upate kipenyo. Omba ruhusa kwanza ikiwa jengo ni la serikali. Utakapogawa urefu wa nguzo kwa kipenyo, utajua kama aliyeijenga aliifuata kanuni ya Palladio ya mara 9 au hakuifuata.

Mwisho chora lango la Narva, tao la ushindi la Saint Petersburg, na ulichore mara mbili. La kwanza Quarenghi alilibuni mwaka 1814, likajengwa haraka kwa mbao ili kuwapokea askari waliorudi kutoka vita dhidi ya Napoleon. Yeye akafa mwaka 1817, na mbao zikaoza. Vasily Stasov, Mrusi, alipopewa kazi ya kujenga lango la kudumu kati ya mwaka 1827 na 1834, alibakiza wazo la Mwitaliano: tao moja kubwa, nguzo pande zote mbili, na gari la ushindi juu. Weka michoro yako miwili mmoja juu ya mwingine dhidi ya mwanga wa dirisha, uone mistari ipi inakutana na ipi imehama. Kisha andika chini vifaa vya lango hilo la pili, ambavyo mtu wa Lubumbashi, mji wa machimbo ya shaba, hatavisahau: ndani ni matofali, na nje limefunikwa kwa mabati ya shaba.