Jinsi ya kufundisha habari za Yoabu kwenye kikundi, bila kuharakisha na bila kugombanisha watu

Haya, kuna watu wameniuliza inbox namna ya kuongoza somo la Yoabu, mkuu wa jeshi la mfalme Daudi aliyewaua makamanda wenzake Abneri na Amasa, maana vikundi vyetu vya Biblia hapa Kampala, na kule kwenye kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyangwali pia, vina watu wa kila aina: muzee aliyestaafu jeshi, mama aliyekimbia vita Kongo, kijana wa boda ambaye hajawahi kusoma Samweli wa pili hata siku moja. Nitawaeleza ninavofanya mimi, we chukua kinachokufaa.

Anza na ukoo, usianze na upanga. Chukua karatasi kubwa uchore: Daudi ana dada wawili, Seruya na Abigaili (1 Mambo ya Nyakati 2:16-17). Seruya kazaa Abishai, Yoabu na Asaheli, Abigaili kazaa Amasa. Yani Yoabu na Amasa ni ndugu, watoto wa dada wawili, na Daudi ni mjomba wao wote. Abneri yeye ni wa upande wa Sauli, ndo alikuwa mkuu wa jeshi lake. Ukishachora hivo nusu ya kazi imeisha, kwa sababu watu wetu wanajua vizuri mpwa akiharibu inavokuwa ngumu kwa mjomba kumtia adabu, hasa huyo mpwa akiwa ndo kashika jeshi.

Alafu soma 2 Samweli 2 kuanzia mstari wa 12, pale bwawa la Gibeoni, na usiruke kifo cha Asaheli. Wengi wanaruka, wanakimbilia sura ya 3, ndo maana somo linakuwa "Yoabu mbaya" basi. Asaheli alikuwa na mbio kama paa, akamfukuza Abneri, Abneri akamwambia geuka uende kando, akarudia tena, kijana hasikii, mwisho akamchoma tumbo kwa upande wa nyuma wa mkuki. Waulize watu: hiyo ni mauaji au ni vita? Waache wabishane kidogo, usitoe jibu wewe.

Sasa sura ya 3, na hapa ndo ukae sana, hata kama muda wote utaishia hapa mi naona sawa. Abneri kagombana na Ishboshethi, mtoto wa Sauli aliyekuwa mfalme upande wao, juu ya Rispa, suria wa Sauli, akaamua kuhamia kwa Daudi, akaja Hebroni na watu 20, Daudi akawafanyia karamu, wakaagana vizuri. Mpe mtu mmoja mistari ya 21 hadi 23 asome kwa sauti, wengine wahesabu mara ngapi inasemwa Abneri kaondoka kwa amani. Ni mara tatu, na aliyeandika hakusahau kwamba ameshasema. Yoabu anarudi kutoka kuteka nyara, anamgombeza mfalme kwamba huyo ni mpelelezi, anatuma watu kisiri wamrudishe Abneri kutoka kisima cha Sira, na Daudi hajui kitu. Abneri anarudi bila wasiwasi maana bila shaka anadhani ameitwa na mfalme. Yoabu anamvuta pembeni langoni kama vile ana neno la siri la kumwambia, na anamchoma tumbo.

Hapo sasa fungua Yoshua 20. Hebroni ni mji wa makimbilio, na mstari wa 4 unasema aliyeua bila kukusudia asimame kwenye lango la mji awaeleze wazee shauri lake. Lango lilelile la mji! Sijasema kesi ya Abneri ilikuwa hiyo hasa, maana yeye alimuua Asaheli vitani, lakini sehemu ya kusikiliza neno la mtu imegeuka sehemu ya kumuulia, na ukiwaonesha watu hilo huhitaji mahubiri mengine. Pia soma Daudi alivotembea nyuma ya jeneza akakataa kula mpaka jua lichwe, na akalalamika kwamba hawa wana wa Seruya wamemshinda. Alilaani nyumba ya Yoabu lakini kazi hakumnyang'anya, muulizeni Daudi huyo kwa nini.

Ya Amasa (sura ya 20) usisome tu, igizeni. Chukua mwiko uwe upanga, watu wawili mbele, polepole. Kumbusha kwanza kwamba Amasa alikuwa kamanda wa Absalomu, yule mtoto wa Daudi aliyemwasi baba yake, na Daudi akaahidi kumpa nafasi ya Yoabu (19:13), kwa hiyo hapa cheo kipo mezani wazi. Penye jiwe kubwa la Gibeoni upanga wa Yoabu unaanguka, anamsalimia ndugu yangu hujambo, mkono wa kulia unashika ndevu kama anataka kumbusu. Mkono wa kulia! Watu waliowahi kushika silaha wataelewa hapo hapo kwa nini Amasa hakujilinda Yoabu alipomchoma, waache wao waeleze.

Ukimaliza hapo watu watataka kumfanya Daudi malaika. Usikubali, warudishe sura ya 11: Uria, yule askari ambaye Daudi alimchukulia mke, alibeba mwenyewe barua ya kifo chake akampa Yoabu, na Yoabu akatii, kwa hiyo tangu siku hiyo kamanda anaijua siri ya mfalme. Wengine wapitie haraka tu: Zimri aliyemuua mfalme Ela, Ela akiwa amelewa, kisha Zimri akatawala siku 7 (1 Wafalme 16), na Gedalia, gavana aliyewekwa na Babeli, aliyeonywa juu ya Ishmaeli akakataa kuamini, akauawa mezani (Yeremia 40 na 41).

Kitu kimoja cha kuangalia, banange: kabla ya kuanza kubalianeni hakuna kutaja makabila wala wanasiasa wa leo, na usimlazimishe mtu atoe ushuhuda wa vita aliyopitia. Akitaka kusema atasema, asipotaka mpe chai.

Malizia na 1 Wafalme 2. Yoabu, aliyekuwa amejiunga na Adoniya, yule mtoto wa Daudi aliyegombea ufalme na Sulemani, kashika pembe za madhabahu, lakini Kutoka 21:14 inasema muuaji wa hila aondolewe hata madhabahuni. Benaya anamuua kwa amri ya Sulemani, na mstari wa 35 anapewa jeshi la Yoabu. Gawa watu makundi mawili, moja litetee kwamba ilikuwa haki, lingine kwamba Sulemani alikuwa anafagia watu wa mpinzani wake, na mstari huo wa 35 wapewe hao wa pili.