Unatafuta kituo cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo? Nenda saa ya kula

Wazazi wenzangu, msiishie kuonyeshwa ofisi na vifaa vya mazoezi, nendeni mchana watoto wanapokula mkae muangalie wanavyolishwa. Mtoto awe amekaa wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, kijiko kidogo, na dada asubiri ameze ndo aongeze kingine. Ukikuta analishwa kalala chali au kichwa kimerudi nyuma ondoka, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu akapata nimonia, na anayeharakisha kulisha hata nepi na mazoezi ataharakisha tu. Ila kituo cha mazoezi peke yake, kisicholisha, hapo hii haisaidii, omba ukae ndani mwanao akinyooshwa, wakikataa bila sababu ya maana tafuta pengine.