Somo: Kumfundisha binti yako mdako, kuanzia kurusha ndimu

Mdako, mchezo wa kurusha ndimu juu na kukomba kete kishimoni kabla ya kuidaka, unataka kishimo, kete 12 na ndimu moja, basi. Somo hili ni la akina baba wenye mabinti wa miaka 5 hadi 8. Wengi wao wataujua mchezo huu kwa wenzao, lakini akijifunza kwa baba yake anapata zaidi ya mchezo: dakika 20 za jioni baba ameketi chini kabisa, uso kwa uso naye, simu imeachwa ndani. Hizo ndizo zitakazokaa moyoni mwake na mwako, kwa hiyo ziandae vizuri.

Kete nzuri kwa huku kwetu Lindi na Mtwara ni komwe, zile mbegu za kijivu ambazo wazee huchezea bao. Ni laini, hazikwaruzi. Usiokote vipande vya matumbawe ufukweni wala kokoto za ujenzi, vina ncha. Ukikosa komwe, chukua vijiwe vya mviringo vyenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba chako. Ndimu iwe ngumu na ndogo kuliko ngumi yake. Iliyoiva sana hupasuka, na maji yake yakimwingia machoni hakuna mchezo tena siku hiyo.

Kishimo kiwe na upana wa kisahani cha kikombe cha chai na kina cha vidole viwili vya mtu mzima, kingo zikiteremka kama bakuli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kikiwa kirefu, vidole vya mtoto hukwama humo na ndimu inatua kabla hajatoa mkono. Ataona hawezi, kumbe kosa ni la mchimbaji. Penye kichanga kinachomomonyoka, nyunyiza maji nusu kikombe, shindilia kingo kwa ngumi, acha dakika 5.

Hatua ya kwanza ni kurusha tu, bila kete. Kaeni kwenye kivuli, mwembe au mkorosho, kishimo kikiwa katikati yenu. Ndimu isipite paji la uso wake, aidake kwa mikono miwili. Ikimkimbilia mbele kila mara, tazama mkono wake: anarusha kwa bega. Mwambie abane kiwiko ubavuni, kiganja kitazame juu, ndimu ipande kwa kifundo cha mkono peke yake. Macho yafuate ndimu, yasifuate mkono. Akidaka mara 7 kati ya 10, songa mbele.

Hatua ya pili, mkono mmoja: ndimu ikiwa hewani aguse ardhi, kisha adake kwa mkono uleule. Ndiyo ngumu kuliko zote na inaweza kula wiki nzima. Usiiruke.

Hatua ya tatu, weka kete 3 kishimoni. Anarusha, anazikomba zote nje, anadaka. Anarusha tena, anarudisha mbili, moja inabaki nje. Hiyo ni yake, anaiweka kando. Anaendelea hadi kishimo kiwe kitupu. Akizoea panda hadi 6, halafu 12. Baada ya moja moja huja mbili mbili, kisha tatu tatu na nne nne. Kumi na mbili inagawanyika kote huko bila kubakiza, na mtoto anajifunza kugawa kabla hajafundishwa darasani.

Ameungua, yaani zamu yake imekwisha, ikiwa ndimu imeanguka, au zimebaki nje pungufu au zaidi ya zinazotakiwa. Wiki ya kwanza mpe nafasi ya pili.

Wewe cheza kwa mkono usiouzoea. Kujiangusha makusudi si vizuri. Mtoto wa miaka 6 anakugundua mara moja na ushindi wake unakosa ladha. Acheni akiwa bado anataka, kete zifungwe kwenye pindo la khanga au kifuko chake mwenyewe, azitunze yeye.

MASWALI YA AKINA BABA

Swali (Masasi): Wangu ana miaka 3, naye anataka. Nifanyeje?
Jibu: Usimpe kete kabisa, atazitia mdomoni na zinaweza kumkaba. Mpe ndimu 4 nzima aviringishe mpaka ziingie kishimoni, mkihesabu pamoja kwa sauti.

Swali (Tandahimba): Msimu huu korosho zimejaa uani. Zinafaa kuwa kete?
Jibu: Hapana, kaka. Ganda likipasuka hutoa mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto hujipangusa macho bila kufikiri.

Swali (Nachingwea): Anatumia mkono wa kushoto. Nimbadilishe?
Jibu: Mwache. Kaa upande utakaompa nafasi ya kukombea, ndiyo tofauti pekee.

Swali (Lindi mjini): Dada yake ana miaka 10, anamshinda kila siku, mdogo analia.
Jibu: Wasianze sawa. Mkubwa aanzie tatu tatu, mdogo moja moja, na wa kwanza kumaliza kishimo ndiye mshindi. Mdogo akishinda mara tatu mfululizo, naye apande mbili mbili.

Swali (Mtwara): Ua wetu wote ni saruji.
Jibu: Tandika gunia kuukuu la korosho, chora duara kwa mkaa, upana uleule wa kisahani. Likunje mara mbili, la sivyo ndimu inadunda na kete zinateleza hadi mlangoni.