Kusafisha na Kutunza Viti vya Ngozi vya Gari: Kiti Kinachong'aa Bado Ni Kichafu

Mtu anapopata gari lenye viti vya ngozi, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuipaka ngozi hiyo mafuta mara kwa mara ili isikauke ikapasuka. Ushauri huo uliwafaa watu wa tandiko la farasi, ambalo ngozi yake hunywa mafuta moja kwa moja, lakini kwa magari mengi ya leo unampotosha mwenye gari. Ngozi ya viti vya kisasa hupakwa kiwandani tabaka la rangi, na juu ya rangi hiyo huongezwa tabaka jingine jembamba lisilo na rangi, kwa kawaida la poliurethani (aina ya plastiki), ambalo ndilo linalogusana na nguo zako kila unapoketi. Kwa hiyo unaposafisha kiti cha ngozi, kwa hakika unasafisha rangi iliyoifunika ngozi, na kiti kinapoanza kuonekana kimezeeka, aghalabu kilichochakaa ni rangi hiyo, ilhali ngozi iliyo chini yake ingali nzima.

Maadui wa rangi hiyo wanajulikana. Jasho, mafuta ya mwili na losheni tunazojipaka hujipenyeza taratibu katika tabaka la juu na kulilainisha hadi likaachia, na chembe za mchanga zilizojificha katika mikunjo hufanya kazi ya msasa kila mtu anapoingia na kutoka. Ndiyo sababu sehemu ya kwanza kuchubuka katika karibu kila gari ni ukingo wa nje wa kiti cha dereva, mahali ambapo paja na makalio husuguana na kiti kila siku, na inayofuata ni sehemu ya kuegemeza kichwa, ambako mafuta ya nywele hujikusanya. Kukipaka kiti cha namna hiyo mafuta mengine juu ya yale yaliyokwisha kujaa ni kuongeza uchafu juu ya uchafu.

Kabla ya kununua dawa yoyote, jua kwanza una ngozi ya aina gani. Dondosha tone dogo la maji mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa nyuma wa kiti karibu na sakafu, kisha ngoja dakika moja. Tone likibaki limesimama kama lulu, ngozi yako imefunikwa kwa rangi na maelezo yote yanayofuata yanaihusu. Tone likizama na kuacha doa jeusi linalopotea likikauka, basi una ngozi ya anilini, iliyotiwa rangi hadi ndani bila kufunikwa, na hiyo hunyonya kila kimiminika inachokutana nacho, kikiwamo cha kusafishia; itumie dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake na maji kidogo kabisa. Ngozi yenye manyoya mafupi kama mahameli husafishwa kwa brashi kavu tu. Alcantara, ambayo wengi huichanganya na ngozi hiyo, si ngozi hata kidogo bali ni kitambaa cha nyuzi za kutengenezwa kiwandani.

Fahamu pia kwamba maneno "viti vya ngozi" katika maelezo ya gari mara nyingi humaanisha sehemu ya kukalia na ya kuegemea tu, huku ubavuni na nyuma ya kiti kukiwa na ngozi bandia. Hilo lisikusumbue, kwa kuwa ngozi bandia husafishwa vivyo hivyo, ila haina haja ya losheni ya kulainisha.

Vifaa na dawa

Utahitaji mashine ya kufyonza vumbi yenye kichwa cha brashi laini, brashi ndogo ya manyoya laini, vitambaa vya mikrofaiba visivyopungua vinne, maji safi, dawa ya kusafishia ngozi ya gari na losheni ya kukinga ngozi. Vitambaa viwe vyeupe au vya rangi hafifu, kwa sababu kitambaa cheupe ndicho kitakachokuonyesha kama unachokitoa ni uchafu au ni rangi ya kiti.

Kuhusu dawa, jambo la kutazama ni kiwango chake cha asidi au alkali. Ngozi hutoka kiwandani ikiwa na asidi kidogo, wakati sabuni ya unga, sabuni ya mche na dawa nyingi za kufutia majiko zina alkali kali, ambayo hudhoofisha rangi na, ikipenya kwenye nyufa, huidhuru ngozi yenyewe. Chagua dawa ambayo kibandiko chake kinasema ni ya ngozi na kwamba haina alkali. Ukikosa, matone machache ya sabuni ya maji iliyo laini katika lita moja ya maji yatasaidia kwa siku moja, mradi uifute vizuri baadaye, ingawa nisingeifanya kuwa desturi.

Orodha ya visivyofaa ni ndefu kuliko ya vinavyofaa. Asetoni na kiondoa rangi ya kucha huyeyusha tabaka la juu papo hapo. Spiriti hulikausha na kuibeba rangi. Vile vifutio vyeupe vya sponji vinavyosifiwa kwa kuondoa madoa ya ukutani ni msasa laini. Doa hutoka kwa kuwa rangi iliyolibeba imekwanguliwa pamoja nalo. Mafuta ya kupikia, hata yawe mazuri namna gani mezani, huvunda na kunuka yakikaa kwenye joto la gari. Polishi ya viatu huhamia kwenye nguo za abiria. Nazo dawa za kung'arisha zenye silikoni hukufanya uteleze kitini na humtia taabu fundi atakayetaka kukipaka kiti rangi siku moja, kwa sababu rangi haishiki juu ya silikoni.

Kazi yenyewe

Egesha gari kivulini, fungua milango yote na uache viti vipoe, kwani dawa inayopakwa juu ya ngozi yenye joto hukauka kabla haijafanya kazi na kuacha michirizi. Ondoa kila kitu kitini, kisha fyonza vumbi kwa utulivu ukifuata mishono na lile pengo kati ya sehemu ya kukalia na ya kuegemea. Usiiruke hatua hii. Ukianza kusugua mchanga ukiwa bado upo, utakuwa umejitengenezea msasa wako mwenyewe.

Jaribu dawa mahali pa siri, usubiri ikauke, kisha uangalie kitambaa chako. Kama kina rangi ya kiti, acha dawa hiyo. Kama ni kisafi au kina uchafu wa kijivu, endelea.

Nyunyizia dawa kwenye brashi, usiinyunyizie kwenye kiti. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba viti vingi vina vitundu vidogo, na kimiminika kikiingia humo hukaa ndani ya sponji, na kikikauka huacha vitundu vimezibwa na ukoko mweupe. Ya pili ni kwamba kiti cha gari la kisasa si samani tu: ndani yake huweza kuwamo nyaya za kupasha joto, feni za kupoza, kihisi kinachopima kama kuna mtu ameketi, na ubavuni mfuko wa hewa wa usalama. Nyaya zinazokwenda kwenye mfuko huo, ambazo viunganishi vyake huwa vya manjano chini ya kiti, hazipaswi kuloweshwa wala kuchomolewa na mtu asiye fundi.

Fanya kazi kwa vipande vya ukubwa wa sentimita 30 hadi 40 kila upande. Sugua kwa mizunguko midogo, ukiliacha povu lifanye kazi na mkono wako uwe mwepesi. Ukijikuta unakandamiza, ongeza dawa badala ya nguvu. Baada ya sekunde chache povu litabadilika rangi kuwa kijivu au kahawia. Lifute mara moja kwa kitambaa kikavu kabla halijarudi kwenye mikunjo, kisha pitisha kitambaa kingine kilicholoweshwa kwa maji safi na kukamuliwa sana, ili kuondoa mabaki ya dawa. Palipo pachafu mno, rudia mara ya pili na ya tatu, kwani kurudia kwa upole hakuleti madhara yanayoletwa na kusugua kwa nguvu mara moja.

Utajuaje kama umemaliza? Tazama mng'ao. Ngozi ya gari iliyopakwa rangi hutoka kiwandani ikiwa imefifia, bila kumeremeta, na ule mng'ao wa kioo tunaoupenda katika magari yaliyotumika ni mafuta ya miili ya watu yaliyosuguliwa na nguo miaka kadhaa. Kiti kikiwa bado kinang'aa baada ya kusafishwa, bado kina uchafu, isipokuwa pale ambapo tabaka la juu limekwisha kulika kabisa. Wateja wengi wa sehemu za kuoshea magari hulalamika wakirudishiwa kiti kisichong'aa, na mwoshaji, ili asigombane na mtu, hukipaka silikoni. Wote wawili huondoka wameridhika na kiti kikiwa kimepata hasara.

Acha kiti kikauke chenyewe kivulini kwa saa moja hivi huku milango ikiwa wazi. Usitumie kikausha nywele, wala usikianike juani.

Kikishakauka, paka losheni ya kukinga. Kazi yake kubwa kwenye ngozi iliyofunikwa si kuilisha ngozi, kwa kuwa kiasi kidogo tu ndicho hupenya, bali ni kuweka utando ambao jasho na rangi ya nguo vitaishia hapo, na kupunguza msuguano unaoleta sauti ya mikwaruzo. Kiasi cha ukubwa wa kidole gumba kwenye kitambaa kinatosha sehemu ya kukalia. Sambaza, ngoja kama maelekezo ya chupa yanavyosema, kisha futa ziada kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usihisi utelezi. Kwenye sehemu zenye vitundu, tumia kidogo zaidi.

Madoa

Siri ya doa ni wakati. Kitu kilichomwagika hufyonzwa kwa kitambaa kilichobonyezwa juu yake, bila kusugua, kuanzia ukingoni kwenda katikati ili lisipanuke. Maziwa yafuatwe hadi kwenye mishono, kwani yakivunda humo harufu yake haitoki kwa manukato yoyote. Damu ifutwe kwa maji ya baridi, kwa kuwa ya moto huigandisha. Mafuta ya chakula yakifyonzwa, nyunyizia wanga wa mahindi, uuache usiku mmoja uvute yaliyobaki, kisha uufyonze kwa mashine. Chingamu ipakie barafu iliyo ndani ya mfuko wa plastiki hadi iwe ngumu, ndipo uibandue kwa ukingo wa kadi ya plastiki.

Rangi ya buluu ya suruali za jinzi, inayoonekana zaidi kwenye viti vyeupe na vya krimu, hutoka kwa dawa ya kawaida ya ngozi ikiwa ni ya wiki chache. Ikikaa miezi, hujifunga katika tabaka la juu. Wino wa kalamu ndio mgumu kuliko yote. Ukiwahi ndani ya saa chache, dawa maalumu ya wino inaweza kuutoa. Ukichelewa, mara nyingi utalazimika kuchagua kati ya doa la wino na doa la rangi iliyotoka, na mimi ningechagua kubaki na wino hadi nitakapomwona fundi.

Ukungu huota katika gari lililofungwa muda mrefu mahali penye unyevu. Litoe gari nje, vaa barakoa, futa kwa vitambaa ambavyo utavitupa, safisha kama ilivyoelezwa, kisha utafute unyevu unakotoka: zulia lililolowa chini ya kapeti za mpira, mpira wa mlango uliochanika, au mfereji wa maji wa kiyoyozi ulioziba. Usipopata chanzo, ukungu utarudi.

Ratiba, jua na matengenezo

Kwa gari linalotumika kila siku, kufuta viti kwa kitambaa chenye unyevunyevu kila baada ya wiki moja au mbili, na kuvisafisha kwa dawa kila miezi mitatu au minne, kunatosha. Viti vya rangi hafifu na kiti cha dereva vinastahili zaidi. Jua hufifisha rangi na joto huikausha ngozi, hivyo egesha kivulini inapowezekana, na uweke kinga ya jua kwenye kioo cha mbele. Kumbuka kwamba vioo vya kawaida vya ubavuni hupitisha sehemu ya miale ya urujuanimno ambayo kioo cha mbele, kwa kuwa ni cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, huizuia kwa kiasi kikubwa. Chini ya kiti cha mtoto weka mkeka wake, la sivyo kitaacha mabonde. Vifuniko vya viti vinavyozunguka ubavu visitumike kwenye kiti chenye mfuko wa hewa, ila kama vimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Nyufa zikishatokea, pitisha ukucha juu yake. Usipokwama, iliyopasuka ni rangi tu, na inaweza kurekebishwa kwa kusafisha mafuta yote, kupitisha msasa laini kwa maji, kupaka rangi ya ngozi inayotokana na maji kwa matabaka membamba, na kumalizia na tabaka la juu. Ukucha ukizama, ngozi yenyewe imekatika na lazima ijazwe, au fundi ashone kipande kipya. Losheni haiwezi kuziunga nyuzi zilizokatika. Rangi mpya huguswa ikiwa kavu baada ya muda mfupi, lakini ipe siku nzima kabla hujaikalia, na usiipitishie dawa ya kusafishia kwa wiki moja hivi.