Kabla ya kuweka tyubu, chukua sampuli

Nafuga ng'ombe wanne hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mmoja, Tumaini, namkamua chuchu tatu. Ya nne ilikufa kwa makosa yangu.

Alianza kutoa maziwa yenye mabonge, chuchu ya nyuma kushoto, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikanunua tyubu tatu za penisilini, dawa ya kusukumia ndani ya chuchu. Baada ya mbili maziwa yakasafika, ya tatu nikaiweka akiba. Wiki tatu hazikuisha, mabonge yakarudi. Nikarudia dawa ileile. Mara ya tatu robo ile ya kiwele, yenye chuchu hiyo, ilikuwa ngumu kama jiwe, ndipo nikapeleka maziwa maabara. Wakakuta bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, tena wa aina inayotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini. Bakteria huyu hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele, kovu likamzunguka, na hata dawa inayomuweza humfikia kwa shida.

Kwa hiyo ukiona mabonge au uvimbe, anza na sampuli ya maziwa. Nawa kwa sabuni. Osha chuchu, kisha ikaushe kabisa, maana maji yanayochuruzika huingiza uchafu chupani. Mwaga mikamuo mitatu ya kwanza. Sugua ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, ukibadilisha pamba hadi itoke nyeupe. Chupa iwe ya maabara. Ilaze upande ili vumbi na manyoya yasidondokee ndani, na mdomo wake usiguse chuchu. Kamua kidogo, funga, andika jina la ng'ombe, chuchu ipi na tarehe. Iweke kwenye barafu, ifike ndani ya saa 24. Mimi hupeleka Iringa, kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Omba wapime pia ni dawa ipi inayomuua bakteria huyo. Ukipewa jina lake peke yake, bado hujui ununue nini.

Ng'ombe akiwa na homa, amegoma kula, au maziwa yamekuwa kama maji, usingoje majibu. Chukua sampuli, mwite daktari wa mifugo aanze tiba siku hiyohiyo. Ugonjwa wa kiwele unaoletwa na bakteria wa E. coli unaweza kumuua ng'ombe upesi sana.

Dozi aliyoandika daktari imalize, hata maziwa yakisafika mapema.

Siku hizi kila asubuhi nakamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi, mabonge yaonekane. Kila ng'ombe ana kitambaa chake. Nikimaliza nachovya chuchu kwenye dawa ya ayodini, halafu nawawekea majani wasimame nusu saa hivi, kwa sababu tundu la chuchu huwa bado wazi na wakilala kwenye samadi wadudu wanaingia. Tumaini hukamuliwa wa mwisho, asiwaambukize wenzake.

Na maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa, soma kwenye pakiti ni siku ngapi yasiuzwe, uyamwage. Usimpe hata ndama. Kipindi kile cha tyubu, jirani alinijia akasema maziwa niliyomuuzia yamegoma kuganda. Alikuwa akiwatengenezea wanawe mtindi. Dawa iliyobaki kwenye maziwa ilikuwa imeua bakteria wa kugandisha. Nilimrudishia hela yake, lakini watoto walikuwa wameshayanywa siku mbili.